Dakika Tano za Kunyamaza

(Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya ubunifu na media siku ya kuwapokea. Nimeyaandika upya kutoka kwenye kinasa sauti. Mizaha iliyochacha nimeitoa.)

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliokuja kuwasindikiza vijana wenu: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo. Na nyinyi vijana wenyewe, hamjambo?

Nimepewa dakika 20 nieleze mtasoma nini. Ratiba mnayo tayari, na majina ya masomo mmeyaona: uchoraji, taipografia (yaani kuchagua na kupanga herufi), upigaji picha, sauti, video, ubunifu wa tovuti na programu za simu, historia ya sanaa, sheria na maadili ya kazi. Sitayarudia. Nataka kusema jambo moja ambalo halimo kwenye ratiba, na ndilo litakalowatoa jasho kuliko yote.

Kabla ya hapo, kila mmoja achukue karatasi niliyoiweka kwenye kiti chake. Ni A4 ya kawaida. Ikunjeni mara moja, ncha fupi ikutane na ncha fupi. Sasa mmeshika A5. Itazameni vizuri: imekuwa ndogo, lakini umbo ni lile lile. Kunjeni tena. Umbo bado ni lile lile. Mzee wangu pale nyuma naona ameikunja mara nne, na umbo bado linamtii. Ukichukua karatasi ya mraba ukaikunja hivyo, mara ya kwanza tu mraba umekwisha.

A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Gawanyeni urefu kwa upana, mtapata kama 1.414, ambacho ni kipeuo cha pili cha 2. Hakuna uwiano mwingine unaoruhusu karatasi kukatwa nusu kwa nusu bila umbo kubadilika. Ujerumani waliufanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1922, ingawa wazo lenyewe limo kwenye barua ya mwanafizikia Georg Christoph Lichtenberg ya mwaka 1786. Karatasi mama, A0, ina eneo la mita mraba 1, na ndani yake zinatoka A4 16. Kwa hiyo mpiga chapa akikwambia karatasi yake ni ya gramu 80, maana yake gramu 80 kwa mita mraba, unajua papo hapo kwamba jani moja la A4 lina gramu 5, na kitabu cha majani 100 kitakuwa nusu kilo kabla hujakitia jalada. Anayekwenda kukituma kwa posta anataka kujua hilo mapema. (Marekani wana vipimo vyao. Huko ukikunja, umbo linabadilika, na wanaishi nalo.)

Kwa nini nimewakunjisha karatasi kama watoto wa chekechea? Kwa sababu mmeishika karatasi hii tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kusimama mbele yenu akawaeleza kwa nini ina umbo hilo. Hapakuwa na haja. Walioibuni hawapo, na karatasi inaendelea na kazi yake.

Jambo langu ni hilo. Kazi zenu zitasomwa wakati nyinyi hampo. Bango halina mtu wa kusimama pembeni akisema "hapa nilimaanisha hivi." Fomu ya hospitali itajazwa na mgonjwa mwenye homa, usiku, na kalamu isiyotoa wino vizuri. Video itatazamwa kwenye basi, sauti imezimwa. Miaka 3 au 4 ya shahada hii, kwa maoni yangu, ni mazoezi marefu ya kutokuwepo.

Niwape mfano mkubwa, kisha niwape wa kwangu mdogo.

Mfano mkubwa ni wa Novemba 2000, kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani. Afisa aliyetayarisha karatasi ya kura alikuwa na nia njema kabisa. Wapiga kura wake wengi walikuwa wazee, na wagombea urais walikuwa wengi. Angewapanga wote kwenye ukurasa mmoja, herufi zingekuwa ndogo mno kwa macho ya wazee. Akazikuza. Majina yakamwagikia kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakakaa katikati, kwenye safu moja.

Jaribuni kuiona kichwani. Upande wa kushoto, jina la kwanza ni George W. Bush, la pili ni Al Gore. Anayemtaka Gore anasoma kushoto tu, anahesabu moja, mbili, anatoboa tundu la pili. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, ambaye jina lake lilikuwa juu kwenye ukurasa wa kulia. Gore alikuwa tundu la tatu. Buchanan akapata kura 3,407 katika kaunti ile, na yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba nyingi hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa sababu zilitobolewa zaidi ya mara moja: mtu ametoboa, amehisi amekosea, akatoboa tena. Bush alichukua Florida, na kwa Florida akachukua urais, kwa tofauti ya kura 537.

Uchaguzi ule ulikuwa na mambo mengi, na sisemi karatasi peke yake ndiyo iliyoamua. Ninachotaka mkione ni aina ya kosa. Herufi zilikuwa kubwa na zinasomeka. Mistari imenyooka, mishale ipo. Ukiiangalia tu, huoni tatizo, kwa sababu kuangalia karatasi ya kura na kuitumia ni mambo mawili. Kosa lile linaonekana pale tu unapompa mtu kijiti cha kutobolea, ukanyamaza, ukautazama mkono wake unakwenda wapi. Mzee mmoja, dakika 2, kabla mitambo haijaanza kuchapa. Basi.

Sasa langu, ambalo halikuangusha serikali yoyote lakini mpaka leo linaniuma.

Nilikuwa mwaka wa pili. Kikundi cha maigizo kiliniomba kipeperushi, nakala 2,000. Nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Namba ya simu ya kukatia tiketi niliiandika kubwa, nikaisukuma kulia mpaka ikagusa ukingo, kwa sababu machoni pangu ilionekana ya kisasa. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Niliikagua labda mara 20.

Vipeperushi vilipotoka kiwandani, tarakimu ya mwisho haikuwepo. Kwenye nakala chache ilibaki alama nyembamba kama ukucha. Kwenye nyingi haikubaki kabisa, na ubaya wake ni kwamba ilikatika safi: msomaji hakuweza hata kujua kwamba kuna kitu kimekosekana. Nilikwenda pale kwa hasira. Mzee aliyeendesha mashine ya kukatia hakubishana nami. Alichukua rundo la karatasi zilizoharibika, kama 500 hivi, akaliweka chini ya kisu, akalishinikiza, akakata. Kisha akanipa karatasi ya juu kabisa na ya chini kabisa niziweke pamoja. Hazikulingana. Tofauti ilikuwa ndogo, kama milimita moja na kitu, lakini ilikuwepo. Akaniambia, "Mwanangu, kisu hakijui kusoma."

Tangu siku hiyo rangi yangu huvuka mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maandishi yangu hukaa ndani yake kwa milimita 5 au zaidi. Sheria hiyo imo kwenye kila kitabu cha uchapaji na mimi nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeijibu hata kwenye mtihani. Mara zile 20 nilizokagua, nilikuwa naangalia nilichokusudia, na nilichokusudia kilikuwa na tarakimu zote. Nyani haoni kundule. Naomba radhi kwa wazazi, lakini sina methali nyingine inayofaa zaidi.

Ndiyo maana tuna ukuta.

Mtauona kesho. Ni ukuta mrefu wa studio namba moja, umejaa matundu ya pini, na kila wiki mtabandika kazi zenu pale zikiwa hazijakamilika. Sisi tunasema "leo tuko ukutani." Utaratibu ni mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Mwenye kazi anasimama pembeni na kwa dakika 5 haruhusiwi kusema neno. Wengine wanasema kwanza wanachokiona, sio wanachokipenda. "Naona duara jekundu." "Jicho langu limeanzia chini." "Sijaona tarehe." Kupenda na kutopenda kunakuja baadaye sana, na siku nyingine hakuji kabisa.

Mwaka jana binti mmoja alibandika bango la kuhamasisha uchangiaji damu. Tone kubwa jekundu, limechongoka juu, kwenye mandhari nyeusi, na neno moja tu: TOA. Alikuwa amelifanyia kazi siku 3. Mwenzake wa kwanza akalitazama, akasema, "Naona moto. Ni tangazo la gesi?" Wa pili akasema moto vilevile. Nilimwona binti yule akifungua mdomo, akakumbuka, akaweka kiganja juu ya mdomo wake kama mtu anayezuia chafya. Wa tatu akauliza, "Toa nini? Toa takataka?" Watu wakacheka. Yeye alikuwa anaandika kwenye daftari, na kalamu ilikuwa inakandamiza karatasi kweli kweli.

Dakika 5 zilipokwisha nikampa nafasi ya kusema. Akasema, "Ni damu." Akakaa.

Wiki iliyofuata tone halikuwepo. Palikuwa na mkono mmoja wa shati uliokunjwa mpaka juu ya kiwiko, na plasta ndogo ya mraba kwenye mkunjo wa mkono. Hakuna aliyetaja gesi. Mmoja alisema, "Nimekumbuka kwamba sijachangia tangu nimalize shule." Hilo bango sikumfundisha mimi. Lilitokana na kumsikiliza mtu asiyejua alichokusudia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kawaida tunaisema kuhusu watu, lakini sijaona inapofaa kuliko pale ukutani. Siku ukijikuta unaieleza kazi yako kwa dakika 10, ujue inajitembeza.

Wanaodhani tumebuni ukatili huu sisi wenyewe, ni wa zamani kuliko sisi. Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, ilianzishwa mjini Weimar mwaka 1919 na Walter Gropius, ikahamia Dessau mwaka 1925, ikafungwa Berlin mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika madaraka. Miaka 14 tu, na bado kila idara ya ubunifu duniani inaiga kitu kutoka kwake, mara nyingi bila kujua. Kila mwanafunzi alianza na kozi ya awali kabla ya kuingia karakana yoyote. Mmoja wa walimu wa kozi hiyo, Josef Albers, aliingia darasani na mzigo wa magazeti, akawagawia wanafunzi, akawaambia watengeneze kitu bila kupoteza karatasi, akatoka. Aliporudi akakuta ngome, mashua, ndege, vinyago. Akavipita. Alichokisifu ni gazeti lililokunjwa tu katikati likasimama wima lenyewe. Ngome, alisema, ingejengwa vizuri zaidi kwa kitu kingine. Huyu aliyekunja tu, ndiye aliyeiuliza karatasi inaweza nini.

Niseme pia, kwa kuwa watu hupenda kuisifia shule ile kama peponi, kwamba wanawake wengi walioingia pale walisukumwa kwenye karakana ya ufumaji watake wasitake. Marianne Brandt alilazimisha njia yake hadi karakana ya chuma, na vyombo alivyotengeneza viko kwenye makumbusho leo. Mabinti, karakana zetu zote ziko wazi. Mkiona mlango umefungwa, njooni kwangu.

Sasa upande wa media, maana naona wenye kamera shingoni wameanza kuchoka na habari za karatasi.

Kwenu pia kuna kunyamaza, na ni kwa maana yake halisi. Zoezi la kwanza la sauti mtakalopewa ni kurekodi chumba kitupu. Mtasimama watu 20, kinasa sauti katikati, dakika nzima, bila kutikisika. Kila mwaka tumbo la mtu hunguruma kwenye sekunde ya 40 na tunaanza upya. Mkivaa hedifoni baadaye mtasikia kwamba chumba hakikuwa kimya: feni inavuma, taa inalia nyembamba, kuna gari mbali. Kila chumba kina ukimya wake. Siku utakapohariri mahojiano ukakata kikohozi cha mzungumzaji na kuacha pengo tupu, sikio la msikilizaji litatumbukia kwenye shimo hilo, hata kama hatajua kilichomtokea. Unachukua kipande cha ukimya wa chumba kile kile, unaziba. Watu husamehe picha yenye giza kidogo. Sauti mbovu hawaisamehi, wanahama.

Na jambo lile la kutokuwepo linawahusu nyinyi zaidi kuliko wenzenu wa mabango. Karibu mwaka 1920, mtengeneza filamu Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mmoja usiobadilika, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, halafu huzuni, halafu tamaa. Uso ulikuwa ule ule. Maana waliitengeneza wao, kwenye ule mpasuko kati ya picha moja na nyingine. Sasa fikirini mtu mliyemhoji kuhusu msiba wake. Amewapa dakika 40, nyinyi mnatumia dakika 2, na picha itakayofuata baada ya uso wake mnaichagua nyinyi. Yeye pia hatakuwepo mnapokata. Somo la maadili liko mwaka wa pili, lakini kwa wenye kamera linaanza leo.

Programu za kompyuta nitazipita haraka. Mtajifunza kadhaa, zitabadilika, mtajifunza nyingine. Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, ilitoka mwaka 1990. Niliowakuta kazini wakati naanza walikuwa wamejifunza kukata kwa wembe na kubandika kwa gundi, na bado walituzidi. Rangi ya kwenye kioo imetengenezwa kwa mwanga na ya kwenye karatasi kwa wino, kwa hiyo ile bluu inayowaka mnayoipenda haitatoka mashineni, kubalini mapema. Maandishi ya kijivu hafifu kwenye nyeupe, ambayo nimeyaona kwenye nusu ya kazi mlizotuma kuomba nafasi, yaacheni: miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, na hata bila kipimo, tokeni nje juani na simu zenu mtapata jibu.

Kuhusu akili mnemba, najua mnasubiri nikaripie. Sikaripii. Itawapa matone mekundu 100 kwa dakika, mazuri kuliko la yule binti. Yote 100 yanaweza kuwa moto wa gesi. Mtu wa kulibandika ukutani na kunyamaza bado anahitajika.

Mzazi mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu atakula nini?" Swali la haki kabisa, na sitalijibu kwa majina ya watu waliotajirika. Wengine wataingia kwenye magazeti, redio, televisheni, kampuni za matangazo. Wengine, na kwangu hawa ndio muhimu zaidi, watakwenda pale ambapo hakuna anayeliita jambo hilo ubunifu: fomu za bima, maelekezo ya dawa, vibao vya njia ndani ya hospitali, ripoti za wahandisi. Kila kijana hapa anataka kuchora nembo. Dunia ina nembo za kutosha, lakini karatasi za maelekezo ya dawa zinazosomeka bado ni chache mno. Mzazi wangu, mwanao akiweza kuandika maelekezo ya kidonge ambayo bibi yake atayafuata bila kumpigia mtu simu, hatakosa kazi.

Naambiwa muda umekwisha. Basi, kesho saa 2 asubuhi, studio namba moja. Kila mmoja alete kitu kimoja alichokitengeneza mwenyewe ambacho hakimridhishi: picha, mchoro, ukurasa, dakika moja ya video. Msilete kile mlichotuma kuomba nafasi, hicho tumeshakiona. Msikitie kwenye fremu. Pini ziko kwenye kopo jekundu karibu na mlango, na saa ya dakika 5 nitaishika mimi.